"Acha hapo hapo!": Jibu kwa binti aliyeonyesha filamu ya Picasso Mbeya

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kikundi kidogo cha vijana wachoraji hapa Mbeya, maeneo ya Soweto. Mwezi wa saba tuliazima projekta, tukapewa ukumbi, tukaonyesha filamu ya Clouzot inayomwonyesha Picasso akichora. Tulitegemea watu watulie, wajifunze. Haikuwa hivyo. Walipiga kelele mwanzo mwisho: "Acha hapo hapo!", "Ameshaharibu!" Walimcheka mzee wa watu kwa kukaa kifua wazi. Baba mmoja mtu mzima aliuliza mbona sinema haisemi kitu. Wengine walitoka kabla haijafika nusu. Mama mmoja anayeuza vyungu vya Ikombe aliondoka akisema, "Huyu anachezea mali." Wenzangu sasa wamegawanyika. Wapo wanaosema watu wetu hawajafikia filamu za namna hii, wapo wanaotaka tutafute dijei aitafsiri kama zile za vibanda umiza. Je, tulichagua filamu isiyowafaa? Na tukiamua kumrekodi mfinyanzi wa Ikombe akiwa kazini, tutegemee nini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nikupe jibu lenyewe kwanza ili usiendelee kukosa usingizi: filamu iliwafaa, na ushahidi mkubwa ulio nao ni zile kelele. Ukumbi ungekaa kimya tangu mwanzo hadi taa zilipowashwa, kisha ukapiga makofi ya heshima, ningekuwa na maswali mengi zaidi ya kukuuliza.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, niieleze kidogo. Le Mystère Picasso ilipigwa mwaka 1955 katika studio za Nice, kusini mwa Ufaransa, ikatoka mwaka 1956. Haifiki saa moja na nusu. Picasso alizaliwa mwaka 1881, kwa hiyo mtu mliyemwona pale alikuwa amevuka miaka 70, amevaa kaptula, kifua wazi, katikati ya joto la kiangazi na taa za studio. Mwongozaji, Henri-Georges Clouzot, hakutaka kumhoji wala kutusimulia maisha yake. Alipata karatasi inayopitisha mwanga na kalamu za wino unaopenya upande wa pili bila kutapakaa, akaiweka kamera nyuma ya karatasi. Picasso akichora upande huu, sisi tunaona upande ule. Ndiyo maana sehemu kubwa ya filamu huoni mkono wala mwili. Unaona mstari unazaliwa wenyewe kwenye weupe, unakunja kona, unasimama, unaendelea. Baadaye, kwa rangi za mafuta ambazo haziwezi kupenya, walibadili mbinu: Picasso anapaka, anasogea pembeni, kamera inapiga fremu, anarudi kupaka.

Clouzot alikuwa nani kabla ya filamu hii? Alikuwa bingwa wa kuwatia watu roho juu. Mwaka 1953 alitoa Le Salaire de la peur, hadithi ya madereva wanaolipwa kupitisha malori yaliyobeba nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka, kwenye barabara mbovu, ambapo mtikisiko mmoja tu unatosha kuwamaliza wote. (Hiyo ukiipeleka Iringa kwa watu wanaopanda na kushuka Kitonga kila wiki, hutahitaji kuieleza.) Mwaka 1955 akatoa Les Diaboliques, nayo ya kutisha. Mtu wa namna hiyo alipoamua kumpiga picha mchoraji, alichukua ujuzi wake wote wa kuwaweka watu kwenye ukingo wa kiti akauhamishia kwenye mstari wa wino. Kuna kipande ambapo anamwambia Picasso kwamba mkanda wa kamera umebaki kidogo, na dakika zinahesabiwa huku mzee anachora: maua yanageuka samaki, samaki anageuka jogoo, jogoo anageuka uso wa kiumbe mwenye pembe. Kipande hicho kimetengenezwa ili watu wapige kelele. Ukumbi wako ulifanya kile ambacho mwongozaji alikuwa anakitafuta.

Sasa nije kwenye "Acha hapo hapo!", maana hapo ndipo penye kiini cha mambo yote.

Waliopiga kelele hiyo walikuwa wameona nini? Walimwona samaki. Samaki alikuwa amekamilika, anapendeza, ana mapezi na jicho. Halafu mtu yule yule aliyemleta akaanza kumfunika, nao wakamtetea. Mhakiki wa Kifaransa André Bazin aliandika mwaka 1956 kuhusu filamu hii hii, na hoja yake moja kubwa ilikuwa kwamba hatua za katikati haziko pale kama ngazi za kumfikisha mchoraji kwenye picha ya mwisho. Kila hatua ni picha kamili, na ile inayofuata inaimeza. Kwa hiyo tunachotazama ni picha nyingi zinazokufa moja baada ya nyingine juu ya kipande kimoja cha karatasi. Bazin aliyasema hayo kwa kurasa nyingi. Watu wa Soweto waliyasema kwa maneno matatu, tena kwa wakati wake, samaki akiwa bado anaonekana. Mimi siwezi kukubali mtu aniambie kwamba hao hawakuelewa.

Kuna jambo zaidi. Sisi tumezoea kukutana na kazi ya mkono ikiwa imeshakwisha. Picha za mtindo wa Tingatinga, kwa mfano, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960: ukizikuta dukani zimeshakauka, chui ameshakaa, ndege ameshakaa. Vikapu vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa Iringa vinakufikia vikiwa vimefungwa ukingo, hakuna unyasi unaoning'inia. Mnunuzi haonyeshwi kikapu kilichofumuliwa. Kwa hiyo jioni ile mliwaonyesha watu kitu ambacho mafundi wetu wenyewe hukificha, na hukificha kwa sababu nzuri.

Sababu hiyo inaeleza ile kelele ya pili, "Ameshaharibu!", na nadhani inaeleza hata waliocheka. Kwetu fundi anaheshimiwa kwa sababu anajua anachokwenda kutengeneza kabla hajaanza. Ukimpelekea fundi cherehani kitenge chako, akakikata mikono mirefu, akatafakari, akaifanya mifupi, akatafakari tena, akakigeuza mto, hutamsifia ubunifu wake. Utadai kitenge chako, na kesho mtaa mzima utajua. Watu wakaingia ukumbini na kipimo hicho mkononi, wakakutana na mzee anayesifiwa dunia nzima ambaye waziwazi hajui anachokwenda kutengeneza. Karibu na mwisho kuna ile picha kubwa ya ufukweni anayoihangaikia kwa muda mrefu, anapaka, anabandika, anafuta, mpaka anakiri mwenyewe kwamba inakwenda vibaya, na mwishowe anaamua kuiacha na kuchukua kanvasi mpya. Kwa mtazamaji wa Mbeya hapo pana aibu ya kweli. Fundi amekiri mbele ya watu. Kama kicheko kilitoka hapo, usikihesabu kuwa dharau, maana kwa kawaida yetu mtu mzima akiumbuka hadharani, watu hucheka ili wasimtazame machoni.

Na kile kicheko cha kifua wazi kina asili hiyo hiyo. Mwezi wa saba Mbeya watu wamekaa na makoti na vitenge viwili viwili, halafu mzee wa umri wa babu yao anawatokea na kaptula tu. Waacheni wacheke. Kitu cha kuangalia ni kama walirudi kutazama baada ya kucheka. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kelele zilikuwa mwanzo mwisho, maana yake walirudi.

Yule mama wa vyungu nimemweka peke yake, kwa sababu katika watu wote uliowataja, yeye ndiye aliyeitazama filamu kwa jicho la kazi.

"Huyu anachezea mali." Tafadhali msilichukue neno hilo kama lawama ya mtu asiyejua sanaa. Yeye anaijua kazi ya udongo, au angalau anaishi karibu na wanaoijua. Wakisi wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wanafinyanga kwa mikono, kazi ya akina mama, na vyungu vinasafirishwa kwa mtumbwi hadi Matema kabla ya kupanda magari kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya. Katika kazi hiyo kuna mpaka mmoja ambao kila mfinyanzi anaujua mwilini mwake: moto. Kabla ya moto, chungu kikipinda au kikipata ufa wakati wa kukauka, unakivunja, unakiloweka, udongo unarudi kuwa udongo. Umepoteza nguvu na muda, mali haijapotea. Baada ya moto hakuna kurudi. Kilichopasuka kimepasuka, pamoja na kuni zake.

Sasa chukua kipimo hicho cha moto uitazame tena filamu, utaona kitu ambacho watu wengi waliosomea sanaa hawakioni. Filamu ina vitu viwili tofauti ndani yake. Wino kwenye karatasi haufutiki. Mstari ukishatua umetua, ni sawa na chungu kilichokwisha kuchomwa. Ndiyo maana kwenye michoro ya wino Picasso hafuti chochote: anachoweza ni kuongeza tu, na kosa analigeuza kuwa mwanzo wa kitu kingine. Rangi ya mafuta ni mbichi muda mrefu na inafunikika, kwa hiyo kwenye kanvasi anabomoa na kujenga atakavyo. Kazi inayofanana na udongo mbichi ni ile ya mwishoni, ambapo anabadili na kubadili. Bado yule mama wa vyungu aliiona ni hasara, na sababu yake ninaijua: kopo la rangi ya mafuta linauzwa bei gani Mbeya? Kijana wako mwenye tyubu tano za rangi na kanvasi moja aliyoipigia misumari mwenyewe anaweza kuichora upya mara ngapi kabla hajalala njaa? Uhuru wa kubomoa una gharama, na kwenye filamu ile gharama ilikuwa imeshalipwa na watu wengine. Picasso wa mwaka 1955 alikuwa tajiri. Aliyekuwa anahesabu senti pale ni Clouzot, na alikuwa anahesabu mkanda wa kamera.

Hoja hiyo ni ya uchumi wa sanaa, na imetolewa na mwanamke mmoja kwa maneno matatu akielekea mlangoni. Mtafute. Mwambie umeleta neno lake kwangu na limekuwa sehemu kubwa ya barua hii. Muulize ni picha ipi hasa aliyoiona ni kuchezea mali, ya wino au ya rangi, kisha ukae umsikilize.

Waliotoka nao niwaguse kwa haraka. Si kila anayetoka ameikataa filamu. Hukunitajia mlianza saa ngapi, lakini kama mlisubiri giza ili projekta ionekane, basi mlianza saa moja jioni au zaidi, na kufika saa mbili na nusu mtu wa Uyole au Mbalizi anaanza kuhesabu nauli ya bajaji, maana daladala zinapungua. Baridi ya Mbeya mwezi huo unaijua. Wengine watakuwa walisubiri steringi aingie, adui aonekane, kisa kianze, na kisa hakikuanza. Hao wana haki yao. Hata Ufaransa kwenyewe filamu hii ilipewa Tuzo Maalumu ya majaji katika tamasha la Cannes mwaka 1956, kisha ilipokwenda kwenye kumbi za kawaida haikupata watu. Miaka ikapita, na mwaka 1984 serikali ya Ufaransa ikaitangaza kuwa hazina ya taifa. Kama watu wa Paris waliikwepa filamu ya mwongozaji wao waliyempenda kwa filamu mbili zilizotangulia, sioni kwa nini mtu wa Mwanjelwa aliyetoka katikati apewe jina la asiyefikia.

Na hapa nataka nikae na hao wenzako wanaosema "watu wetu hawajafikia", kwa sababu kauli hiyo ina historia, na ni historia inayouma.

Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, kule Usambara, hapa hapa Tanganyika. Walitengeneza filamu za mafunzo, wakazizungusha kwa gari Afrika Mashariki: filamu za safura, za kilimo, za kuweka akiba benki ya posta. Baada yao Waingereza wakaanzisha Colonial Film Unit mwaka 1939, ikiongozwa na William Sellers, na huyo alikuwa na imani iliyoandikwa na kufuatwa: kwamba mtazamaji wa Kiafrika asiyesoma hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole, zenye jambo moja, zilizonyooka, zinazomweleza kila kitu. Watu wetu waliwekwa kwenye daraja kabla hawajaulizwa walichokiona. Kijana wa mwaka huu anaposimama Soweto na kusema watu wetu hawajafikia, analirudia neno la Sellers bila kujua limetoka wapi. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimelisikia likisemwa na watu wema, wanaopenda sanaa, na wanaojiona wanawatetea watazamaji.

Historia hiyo hiyo inanisaidia kumwelewa yule baba aliyeuliza mbona sinema haisemi kitu. Gari la sinema liliendelea kuzunguka hata baada ya uhuru, na mtu wa umri wake amekua akijua kwamba sinema ikiletwa kwenye uwanja au ukumbi bila kiingilio, kuna jambo inataka kukufundisha: afya, kilimo, siasa, sabuni. Alikaa akingojea agizo. Agizo halikuja. Swali lake lilikuwa la adabu kabisa, na lilistahili jibu pale pale: "Baba, hii haitufundishi kitu cha kwenda kufanya nyumbani. Inatuonyesha mtu akitafuta." Nadhani angekaa.

Kuhusu dijei wa kutafsiri. Mimi ni mtu ninayeiheshimu kazi hiyo. Lufufu, na baada yake DJ Mack, walizichukua filamu za Kichina, za Kihindi na za Marekani wakazifanya zikae Tanzania. Waliongeza maneno, waliwapa wahusika majina, walitania, waliwashauri watazamaji. Hiyo ni sanaa ya masimulizi iliyo hai, na watu waliolelewa kwenye vibanda umiza wanajua kutazama kwa kuongea, ndiyo maana ukumbi wako ulikuwa na sauti. Lakini kwenye filamu hii hasa, dijei ataiua. Anajua kinachofuata, na kazi yake ni kukujulisha. Akisema "sasa subirini, huyu samaki anageuka jogoo", amekunyang'anya kitu pekee ambacho filamu inacho. Nguvu yote iko kwenye kutojua mstari unakwenda wapi. Mahali pengine muziki wa Georges Auric unakatika na kubaki mkwaruzo wa kalamu tu, na pale hata mnong'ono wa kwenye maiki ni mwingi.

Kinachohitaji kutafsiriwa ni kidogo sana: maneno ya utangulizi ya Clouzot, na yale mazungumzo mafupi baina yake na Picasso. Mweke mtu mmoja mwenye sauti ya kutulia, asome Kiswahili cha sehemu hizo tu, halafu anyamaze. Hasa pale Clouzot anapohofia watu wataamini kwamba picha imekamilika kwa dakika chache, kumbe imechukua saa kadhaa. Hilo watu wako lazima walisikie, maana wasipolisikia watatoka wakiamini mchoraji anafanya kazi kwa kasi ya skrini, na vijana wako watarudi nyumbani wakijiona wazito.

Mkionyesha tena, na ninawaomba muonyeshe tena, anzeni saa tisa alasiri na mzibe madirisha kwa mapazia mazito, watu wawahi magari. Msionyeshe yote. Chukueni nusu saa ya michoro ya wino, pumzikeni kwa chai, kisha ile picha kubwa ya ufukweni peke yake. Msiwaambie watu wanyamaze. Pale mtu anaposema "Acha hapo hapo!", mmoja wenu aliyeshika kompyuta asimamishe picha kweli. Muulize huyo mtu kwa nini hapo. Mwingine atasema hapana, aendelee. Waacheni wabishane dakika mbili, kisha mwendelee. Filamu haitaharibika kwa kusimamishwa, na watu watagundua kwamba wana jicho la kuchagua, kwamba kati ya samaki na jogoo wao walikuwa na sababu ya kumtaka samaki. Wachoraji wako nao watajifunza kitu kigumu kuliko vyote katika kazi yetu, yaani wakati wa kuliweka brashi chini. Jambo hilo Picasso mwenyewe, kwenye filamu, halipatii kila mara. Kwa maoni yangu kuna michoro miwili mitatu mle ambayo aliipita, na waliopiga kelele walikuwa na haki kuliko yeye.

Mbele muwaweke watu wazima, wasikae nyuma ya vijana. Wafinyanzi na wasusi wa vikapu muwaalike kwa majina yao, muwalipie nauli, na mtakapozungumza baada ya filamu neno la kwanza liwe lao. Msiwaulize "mmejifunza nini". Waulizeni mahali gani wangesimama wao.

Limebaki la kumrekodi mfinyanzi wa Ikombe. Wazo ni zuri, lakini kamera haimwachi fundi kama ilivyomkuta. Mpiga picha Hans Namuth alimpiga filamu mchoraji wa Marekani, Jackson Pollock, nyumbani kwa Pollock huko Springs, New York, msimu wa vuli mwaka 1950. Alihitaji mwanga, akamtoa nje. Alitaka uso na rangi vionekane pamoja, akamwekea kioo, mwenyewe akalala chini yake na kamera, Pollock akawa anamwagia rangi juu ya kioo. Simama, anza tena, rudia hatua ile, vaa kiatu tena. Filamu ilitoka fupi na ya kupendeza, na wanafunzi wa sanaa wanaitazama hadi leo. Lakini siku walipomaliza, kwenye baridi ya mwisho wa Novemba, Pollock aliingia ndani akamimina pombe kali baada ya kukaa kama miaka miwili bila kunywa. Siwezi kusema kamera peke yake ndiyo iliyomfikisha hapo, mtu yule alikuwa na mizigo mingi. Ila alikuwa amefanywa aigize kazi yake mwenyewe kwa wiki kadhaa, na walioishi naye waliona ilivyomchosha. Na mchoraji wa Kijerumani Gerhard Richter, kwenye filamu ya Corinna Belz ya mwaka 2011, anasema waziwazi kwamba kuchora huku anatazamwa kunamwia vigumu, na unaona kweli akikwama.

Kwa hiyo mkienda Ikombe, msimwambie mama wa watu arudie. Akishapitisha kipande cha kibuyu kulainisha ukuta wa chungu, ameshapitisha. Mkikosa mmekosa, mtapata kwenye chungu kinachofuata. Msimwombe achome kabla udongo haujakauka kwa sababu nyinyi mnarudi Mbeya Jumapili, maana kitakachopasuka ni chake. Kaeni siku zote za kukausha, hata kama hakuna cha kupiga, na kwenye filamu yenu siku hizo zionekane, msizikate zikawa sekunde tatu. Vyungu vilivyopasuka vipigeni picha kwa ruhusa yake tu. Nimesema mafundi wetu huficha kilichoharibika kwa sababu nzuri: mteja akiona nyufa atapunguza bei. Mkimfunulia siri hiyo bila idhini mtakuwa mmemchukulia mali, na huo ndio uchezaji wa mali ambao mimi ninauogopa.

Malipo mkubaliane kabla ya kuwasha kamera, kwa siku na si kwa chungu, ili asijione analazimika kufinyanga vingi kuwapendeza. Na filamu ikikamilika, ionyesheni Ikombe kwanza, kabla ya Mbeya na kabla ya mtandaoni, mbele ya wafinyanzi wote na siyo yule mmoja tu. Watapiga kelele. Watasema "hapo amekosea", watamtania mwenzao, watakosoa kamera yenu kwa kukaa mbali wakati wa kuunda mdomo wa chungu. Muwe na daftari, muandike kila kitu, na kama wakisema kipande fulani kitoke, kitoke. Nauli ya mtumbwi ya kubeba projekta na betri iwekeni kwenye bajeti tangu sasa.